Mvumo Kutoka kwa Jirani: Ugomvi wa AM ya Kidijitali Marekani

Ijumaa ya tarehe 14 Septemba 2007, jua lilipozama pwani ya mashariki ya Marekani, stesheni kadhaa kubwa za AM hazikuzima mitambo yao ya kidijitali. Kwa karibu miaka mitano zilikuwa zikilazimika kuizima kila magharibi na kuiwasha tena asubuhi. Jioni hiyo ruhusa mpya ya Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilianza kazi, na mitambo ikaachwa iungurume usiku kucha.

Waliozoea kusogeza mshale wa redio usiku waligundua mara moja kwamba kuna jambo limebadilika. Kati ya stesheni na stesheni, pale palipokuwa na sauti za mbali zinazokuja na kupotea, pamekaa mvumo mkavu usiopanda wala kushuka. Haukuwa mkwaruzo wa radi, na haukuwa ule mlio wa filimbi unaosikika stesheni mbili zinapogongana. Ukisogeza mshale kushoto kwa stesheni yenye nguvu, unaukuta. Ukiuvusha kulia, unaukuta tena. Katikati, mtangazaji anaendelea kusoma habari kama hakuna lililotokea.

Ugomvi uliozuka juu ya mvumo ule ulijaza majalada ya FCC, ukawagawa wahandisi waliosoma vyuo vilevile, na ukawafanya wenye stesheni ndogo waandike barua kwa lugha ambayo watu wa biashara hawaitumii mara kwa mara. Siku hizi umepoa, kwa sababu stesheni nyingi zilizouanzisha zimeizima dijitali yao zenyewe. Lakini bado unafaa kusimuliwa, maana kiini chake hakikuwa dijitali dhidi ya analojia, kama wengi walivyodhani. Watu walikuwa wakigombania mpaka: pembeni mwa masafa niliyopewa, ni wapi kwangu na ni wapi kwako?

Bendi ya mawimbi ya kati, ambayo Wamarekani huiita AM tu, kwao inaanzia kilohezi 540 na kukomea 1700. Katika bara la Amerika stesheni hupangwa kila baada ya kilohezi 10: 1020, 1030, 1040 na kuendelea. Namba anayoitaja mtangazaji ni ya wimbi mbebaji lililo katikati. Sauti yenyewe husafiri pembeni mwa wimbi hilo, kushoto na kulia, na kadiri sauti inavyokuwa kali na nyembamba ndivyo inavyotoka mbali zaidi na katikati. Kwa hiyo hata katika siku zake nzuri AM haikukaa sawasawa ndani ya kilohezi zake kumi. Mlio wa matoazi, au herufi "s" iliyotamkwa kwa nguvu karibu na maikrofoni, ulirukia upande wa pili kwa nukta moja kisha ukarudi. Majirani walishazoeana.

Teknolojia iliyovuruga mazoea hayo inaitwa IBOC, na madukani iliuzwa kwa jina la HD Radio. Mwenyewe alikuwa kampuni ya iBiquity ya Columbia, Maryland, iliyozaliwa mwaka 2000 baada ya USA Digital Radio na Lucent Digital Radio kuungana. Ahadi yake ilikuwa tamu. Stesheni ingebaki kwenye namba yake, matangazo ya analojia yangeendelea, na data za kidijitali zingepachikwa kandokando. Mwenye redio ya zamani angesikia kama kawaida. Mwenye redio mpya angesikia sauti safi inayoikaribia ya FM. Hakuna anayehamishwa na hakuna king'amuzi cha lazima. Wala kusingekuwa na siku ya kuzima mitambo kama ile tuliyoishuhudia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni za analojia zilipokatwa. FCC iliukubali mfumo huo Oktoba 2002. Kwa upande wa AM, ni mchana tu.

Sasa tuangalie hiyo "kandokando" ni wapi hasa. Mikanda mikuu ya kidijitali iliwekwa kati ya kilohezi 10 na 15 kutoka katikati, kila upande. Mikanda ya pili ilikaa kati ya 5 na 10, na ya tatu ikafichwa chini ya sauti ya analojia yenyewe. Stesheni iliyo 1030 ikawa inarusha kitu kuanzia 1015 hadi 1045. Jirani yake wa 1040 naye anahitaji 1035 hadi 1045 ili asikike. Hesabu hii haihitaji mhandisi. Nafasi yote ya jirani imejazwa, kutoka ukuta hadi ukuta.

Nguvu nayo si ya kupuuzwa. Kila upande, mkanda mkuu una vibebaji vidogo 25, na kila kimoja kiko chini ya wimbi mbebaji kwa desibeli 30. Ukivitazama kimoja kimoja ni vitu vidogo sana. Ukivijumlisha, upande mmoja unakuwa chini kwa desibeli 16 tu. Kwa stesheni ya kilowati 50, ambayo ndiyo nguvu ya juu kabisa inayoruhusiwa Marekani, hiyo ni sawa na kilowati moja na robo hivi kushoto na kiasi hichohicho kulia. Marekani ina stesheni nyingi za AM ambazo mtambo wao wote haufiki kilowati moja na robo, na usiku baadhi yao hutakiwa kushuka hadi wati mia chache.

Sheria haikuvunjwa

Msomaji atauliza FCC iliruhusuje jambo kama hilo. Jibu ni kwamba kwenye karatasi halikuwa kosa. Mwaka 1989 tume hiyo ilipitisha kiwango kilichotungwa na kamati ya pamoja ya watangazaji na watengenezaji wa redio. Kiwango hicho kilisema kwamba kitu chochote kinachotoka kati ya kilohezi 10 na 20 kutoka katikati ni lazima kiwe chini ya wimbi mbebaji kwa desibeli 25 au zaidi. Kipimo hufanywa kipande kwa kipande. Ukikipima kila kibebaji cha IBOC peke yake, kiko chini kwa 30. Kimepita mtihani, na alama zimebaki.

Lakini kiwango kile kilitungwa kwa ajili ya analojia, yaani kwa ajili ya yale matoazi na zile "s" zinazochomoza na kurudi. Kwa wastani wa saa nzima, kinachoangukia upande wa jirani ni kidogo sana. IBOC ilichukua nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kelele za kupita ikaijaza kwa kelele za kudumu, mchana na usiku, bila hata sekunde ya kupumua. Ni sawa na mtu aliyejenga nyumba ndani ya mawe ya mpaka wa kiwanja chake, hakuvuka hata inchi, ila paa lake la mabati limetokeza na maji yote ya mvua yanamwagikia barazani kwa jirani. Ukimpeleka baraza la ardhi atakuonyesha ramani, na ramani itamuunga mkono.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tume ilipoteleza. Sio kwamba ilipendelea wakubwa kwa makusudi, ingawa wapinzani walilisema hilo bila kumung'unya, na walikuwa na la kushika: miongoni mwa wawekezaji wa iBiquity yalikuwamo makampuni makubwa ya utangazaji ya nchi hiyo. Kosa lake ni kuutumia mpaka uliowekwa kwa ajili ya kitu kimoja kuhukumu kitu kingine kabisa.

Mchana madhara hayakuwa makubwa sana. Jua linapowaka, tabaka la chini la ionosfia, lile linaloitwa D, huyanyonya mawimbi ya kati yanayopanda angani, kwa hiyo stesheni husikika hadi pale mawimbi yanayotambaa ardhini yanapochoka. Ukizipanga stesheni jirani mbalimbali, hazionani. Usiku tabaka D hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka za juu zaidi, yakapigwa dafrau na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka mnarani. Ndiyo maana WSM ya Nashville, kwenye 650, iliweza kupeleka muziki wa Grand Ole Opry katika majimbo mengi kwa mnara mmoja, na WLW ya Cincinnati, kwenye 700, iliwahi kupewa kibali cha majaribio cha kilowati 500 katika miaka ya 1930 ikawa inasikika karibu nchi nzima. Kwa AM usiku ndio baraka yake. IBOC iliposafiri kwa njia ileile, mvumo wake nao ukaruka mamia ya kilomita, ukaenda kuanguka juu ya watu ambao hawakuwa na habari kwamba wana jirani.

Kisa kilichosemwa zaidi ni cha WYSL, stesheni ya mji mdogo wa Avon, kusini mwa Rochester katika jimbo la New York. Iko kwenye 1040. Jirani yake kwenye mshale ni WBZ ya Boston, 1030, kilowati 50, umbali wa kilomita zipatazo 550. Wakati huo WBZ ilikuwa mali ya CBS. Mwenye WYSL alipeleka malalamiko rasmi FCC akisema kwamba usiku mikanda ya kidijitali ya Boston inafunika matangazo yake katika eneo lake mwenyewe, mbele ya wasikilizaji wanaomlipia matangazo ya biashara. Utaratibu wa tume ulikuwa kwamba malalamiko kama hayo yashughulikiwe moja moja, kesi kwa kesi. Kwa kampuni yenye mawakili Washington, huo ni utaratibu. Kwa stesheni ya familia huko Avon, ni gharama.

Ajabu nyingine ni kwamba majirani wengine walikuwa ndugu. WBZ ina KDKA ya Pittsburgh upande wa chini, kwenye 1020, ile iliyotangaza matokeo ya uchaguzi wa rais usiku wa tarehe 2 Novemba 1920. Zote mbili zilianzishwa na Westinghouse, na wakati ule zote zilikuwa za CBS. Stesheni mbili zilizopangwa hivyo zikiwasha IBOC kwa pamoja, kila moja inamwaga mvumo wake juu ya mwenzake. Kampuni ya Citadel ilijikuta katika hali kama hiyo. Mwaka 2007 ilinunua stesheni za ABC, zikiwemo WJR ya Detroit kwenye 760 na WABC ya New York kwenye 770. Kabla mwaka ule haujakwisha, uongozi wa kampuni uliagiza stesheni zake za AM zizime dijitali usiku.

Hoja ya wenye mnara

Haitakuwa haki kuwachora watetezi wa IBOC kama watu wasiojali. Hoja zao zilikuwa na uzito. Kwanza walisema kwamba leseni ya redio ina eneo lake. Stesheni hulindwa ndani ya mstari fulani uliochorwa kwa vipimo vya nguvu ya mawimbi, na anayesikiliza nje ya mstari huo anasikiliza kwa bahati yake. Mtu wa Ohio anayeinasa stesheni ya New York saa nne usiku ni wa kupendeza, lakini hakuna duka la Ohio linalolipia tangazo New York kwa sababu yake. Je, teknolojia ya kuiokoa bendi nzima izuiwe kwa ajili ya mtu huyo?

Pili, bendi yenyewe ilikuwa inakufa. FM iliishinda AM kwa idadi ya wasikilizaji mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo kelele zimezidi kuongezeka: chaja za simu, taa za LED, nyaya za umeme, kompyuta, kila kitu chenye saketi ya kubadili umeme kinatoa mkwaruzo wake. Vijana walikuwa hawafiki kabisa upande ule wa redio. Mhandisi wa stesheni ya kilowati 50 aliyepigania IBOC aliamini kwamba bila sauti safi, baada ya miaka ishirini hakutakuwa na jirani wa kugombana naye. Hilo la mwisho silicheki.

Ila dawa ilikuwa na masharti ambayo mgonjwa hakuelezwa vizuri. Ili mikanda ya kidijitali ipate nafasi, sauti ya analojia ilibidi ikatwe, kwa kawaida iishie kilohezi 5. Mwenye redio ya zamani, ambaye aliahidiwa kwamba hatapoteza kitu, akasikia mtangazaji wake anazungumza kama aliyefunikwa shuka. Mwenye redio mpya naye, gari likiingia chini ya daraja au mawimbi ya usiku yakiyumba, redio yake ilirudi kwenye analojia, kisha dijitali, kisha analojia tena. Sauti inang'aa, inafifia, inang'aa. Uwezo wote wa data ulikuwa kilobiti 36 kwa sekunde, na katika hizo ni 20 tu zilizokuwa za kutegemewa mawimbi yakiwa dhaifu.

Halafu kukawa na suala la mpira. Ili analojia na dijitali zilingane pale redio inaporuka kutoka moja hadi nyingine, stesheni ililazimika kuichelewesha analojia kwa sekunde kama nane. Mashabiki wa besiboli wa Marekani wana tabia ileile ya mashabiki wetu wa Simba na Yanga: wanakwenda uwanjani na redio sikioni. Sasa mchezaji amepiga mpira, uwanja umelipuka, watu wamesimama, na redio bado inasimulia mpira uliotangulia. Baadhi ya stesheni zikawa zinazima dijitali kila timu inapocheza. Teknolojia ya baadaye ikazimwa ili watu wasikilize mechi.

Mwanzo wa haya yote ni uamuzi wa nyuma zaidi. Ulaya ilipoamua redio iende dijitali, ilitafuta shamba jipya. Mfumo wa DAB, ambao BBC ilianza kuurusha Septemba 1995, unatumia masafa mengine kabisa, na stesheni nyingi husafiri katika furushi moja. Wamarekani waliukataa. Sehemu ya sababu ilikuwa kwamba baadhi ya masafa yaliyofaa yalikuwa yakitumiwa na jeshi na wapimaji wa ndege. Sababu nyingine, ambayo haikusemwa kwa sauti kubwa sana, ni kwamba ndani ya furushi la DAB stesheni zote hufika mbali sawa. Mwenye kilowati 50 anakuwa sawa na mwenye kilowati moja. Kwa mtu aliyerithi mnara unaosikika majimbo thelathini, huo si usawa wa kushangilia. IBOC ilimwezesha kwenda dijitali bila kupoteza cheo.

Na Wamarekani walikuwa tayari wana kovu. Mwaka 1980 FCC iliuchagua mfumo wa Magnavox kwa ajili ya stirio ya AM, kisha mwaka 1982 ikaghairi na kusema soko liamue. Mifumo kadhaa ikashindana, watengenezaji wa redio wakasubiri kuona nani atashinda, wasikilizaji wakasubiri redio. Tume ilipouchagua mfumo wa Motorola mwaka 1993, hakukuwa na aliyekuwa bado anasubiri. Mmoja wa walioshindwa katika vita hiyo alikuwa mhandisi Leonard Kahn, mgomvi wa kipaji, ambaye baadaye alikuja kuwa mpinzani mkali wa IBOC na kupendekeza mfumo wake wa dijitali usiovuka mpaka sana. Haukushika. Lakini kwa IBOC tume haikutaka tena soko liamue: ilichagua mfumo mmoja wa kampuni moja, ambao stesheni huulipia leseni. Kosa la mwaka 1982 lilirekebishwa kwa kuangukia upande wa pili.

Kundi lililopiga kelele mapema kuliko wote halikuwa na fedha wala leseni. Ni wale wapenzi wa kunasa stesheni za mbali, watu wanaokesha na redio na daftari, wakiandika saa, masafa na walichosikia, kisha kutuma ripoti na kusubiri kadi ya uthibitisho. Watu wa namna hiyo wametapakaa duniani, na baadhi yao wanaijua Zanzibar kwa namba tu, 11735, masafa ya mawimbi mafupi ya redio ya visiwani. Wakubwa waliwapuuza: nani atabadilisha sera ya taifa kwa ajili ya watu wenye kadi za posta? Ila masikio yao yalikuwa kipimo cha bure. Walichokisema kuhusu mvumo wa usiku wakati majaribio yakiendelea ndicho alichokuja kukisema mwenye WYSL kwa lugha ya kisheria.

Kwetu ni kilohezi tisa

Tungeufanyia nini mfumo huu Afrika Mashariki? Tusingeufanyia kitu. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1975 uliipangia Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia nafasi ya kilohezi 9 badala ya 10, na mpango huo ukaanza kutumika tarehe 23 Novemba 1978. Ndiyo sababu namba za mawimbi ya kati upande wetu hugawanyika kwa tisa: 531, 540, 549, 558. Ukiisikia stesheni ya mawimbi ya kati inayotaja 1030, ujue iko mbali sana na kwenu. Kwenye nafasi ya kilohezi 9, IBOC inayotanuka kilohezi 15 kila upande ingemmeza jirani wa kwanza mzimamzima na kuanza kumgusa wa pili.

Mfumo uliotungwa kwa kulifikiria jambo hilo ni DRM, Digital Radio Mondiale. Waliouanzisha walikutana Guangzhou, China, mwaka 1998, na matangazo rasmi yakaanza mwaka 2003. Katika hali yake ya kawaida unakaa ndani ya kilohezi 9 au 10, basi. Bei ya adabu hiyo ni kwamba redio ya kale haisikii kitu. BBC iliujaribu Plymouth kuanzia mwaka 2007 kwenye 855, masafa ya BBC Radio Devon, na ikakuta kwamba mchana unafanya vizuri lakini usiku, mawimbi ya angani yanapoingilia, eneo la usikivu hupungua. Fizikia ya usiku haimpendelei mtu. India ndiyo iliyojitosa zaidi: All India Radio ilifunga mitambo 35 ya mawimbi ya kati yenye uwezo wa DRM, na watengenezaji wa magari wa huko wakaanza kuweka redio zake ndani ya magari. Afrika Kusini, Radio Pulpit ilifanya majaribio kuanzia mwaka 2014.

Sisi tulikwenda njia nyingine bila mjadala mkubwa. FM zilipofunguliwa miaka ya 1990, kila mji ukapata zake, na ile redio kubwa ya mitabendi ikapandishwa juu ya kabati. Kijijini ambako FM haifiki, simu imejaribu kujaza pengo, kwa gharama ya bando. Nani anayeyatumia mawimbi ya kati usiku katika Afrika Mashariki, na yanamfaa kwa nini, ni swali ambalo lingestahili makala yake.

Marekani ilichukua muda mrefu kurudi kwenye jambo ambalo DRM ilianza nalo. Wahandisi walianza kujiuliza itakuwaje wakiiacha analojia kabisa. Desemba 2012, usiku, baada ya matangazo ya kawaida, WBCN ya Charlotte kwenye 1660 ilijaribu kurusha dijitali tupu. Matokeo yalitia moyo. Pasipo analojia ya kulindwa, mikanda ya kidijitali inasogezwa katikati na kuongezwa nguvu, na upana unapungua kutoka kilohezi 30 hadi 20, au hata 10 stesheni ikitaka. Jirani anapumua. Anayesikiliza ndani ya eneo la stesheni anapata sauti isiyoyumba.

Julai 2018 WWFD ya Frederick, Maryland, kwenye 820, mali ya kampuni ya Hubbard, iliwasha dijitali na kuzima analojia kwa kibali cha majaribio. Nguvu yake ni ya kawaida tu, kilowati 4.3 mchana na wati 430 usiku. Ilikuwa na kinga moja: mtambo mdogo wa FM unaorudia matangazo yaleyale, kwa hiyo mwenye redio ya zamani alikuwa na pa kwenda. Jina la wimbo likaanza kuonekana kwenye vioo vya redio za magari, jambo ambalo AM ya analojia haikuwahi kulifanya. Kampuni ya Bryan Broadcasting ya Texas ikaiomba FCC mwaka 2019 iruhusu stesheni yoyote kufanya hivyo, na Oktoba 2020 tume ikakubali, kwa hiari ya mwenye stesheni.

Stesheni zilizoitumia ruhusa hiyo ni za kuhesabu kwa vidole. Mwenye kilowati 50 aliyekuwa jasiri sana kumwagia jirani kilowati moja na robo, akiambiwa azime analojia na kuwapoteza wasikilizaji wazee wenye redio za jikoni, anakuna kichwa. Unaweza kumwelewa. Gharama ya mabadiliko ilipokuwa ya jirani, ilionekana ndogo. Ilipohamia kwake, ikawa hesabu ya kufanyiwa vikao.

Wakati vikao vinaendelea, watengenezaji wa magari walishaanza kufanya maamuzi yao. Mota za magari ya umeme hutoa kelele nyingi kwenye bendi ya AM, na kuzizuia kunahitaji fedha. Tesla na BMW ziliiondoa AM kwenye magari yao ya umeme. Mapema mwaka 2023 Ford nayo ilitangaza kuiondoa, kisha Mei mwaka huohuo ikabadili mawazo baada ya wanasiasa kuja juu wakisema kwamba wakati wa kimbunga, umeme umekatika na minara ya simu imelala, AM ndiyo inayobaki. Mwezi huohuo maseneta Ed Markey wa Massachusetts na Ted Cruz wa Texas, watu wasiokubaliana karibu kwa lolote, walipeleka mswada wa kulazimisha kila gari jipya liwe na redio ya AM. Stesheni kubwa na stesheni ndogo, zilizotunishiana misuli miaka mingi juu ya nani amwage nini kwenye kilohezi za mwenzake, zilisimama upande mmoja kuuunga mkono.